MAISHA YA LOUIS BRAILLE, KIPOFU ALIYEWAPATIA VIPOFU MAANDIKO



Katika gazeti letu kuna ukurasa wa watu wakubwa wa zamani, na zamu hii imenifikia mimi. Wenzangu wa kalasi ya mwisho walitaka niandike juu ya mfalme ao mtu wa vita. Nimechagua mwana wa fundi wa ngozi. Hakuongoza jeshi, hakuwa na mali, na karibu maisha yake yote alikaa katika interna, kwanza mwanafunzi, kisha mwalimu. Kazi iliyomjulisha duniani aliitengeneza akiwa na miaka 15, umri wa wale tunaowaita wadogo na kuwatuma maji.

Tunapenda kusema penye nia pana njia. Mimi naona tunasema vile upesi sana. Louis Braille alikuwa na nia moja tangu utoto: kusoma na kuandika yeye mwenyewe, bila kumwomba mwenye macho amsaidie. Nia ile haikubadilika. Lakini njia zilizibwa mara mingi, na kila mara alilazimika kuacha ile aliyoshika na kutafuta ingine. Mara moja njia ilizibwa na mkubwa wa shule yake mwenyewe, na pale ndipo habari inakuwa ngumu, zaidi kwa mtu kama mimi niliyewekwa kusimamia sheria kati ya wanafunzi wenzangu. Nitafika pale.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, inchi ya Ufaransa, karibu kilometa 40 upande wa mashariki ya mji wa Paris. Baba yake, Simon-René Braille, alikuwa fundi wa kutengeneza matandiko na mikanda ya ngozi ya farasi. Wakati ule motokari haikuwako. Kulima, kusafiri, kubeba mizigo, yote ilikuwa kazi ya farasi, kwa hiyo fundi wa namna ile hakukosa chakula nyumbani. Louis alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho.

Alipokuwa na miaka 3 aliingia katika nyumba ya kazi ya baba, akatwaa chuma chenye ncha, akataka kukata ngozi kama alivyomwona baba akifanya. Chuma kiliteleza, kikamchoma jicho. Zamani ile watu hawakujua bado habari ya mikrobi, na dawa za kuziua hazikuwako. Jicho liliharibika, ubaya ukapita mpaka katika jicho la pili, na alipofika miaka 5 alikuwa kipofu kabisa.

Kipofu maskini katika Ulaya ya wakati ule, kazi yake aliyoijua kila mtu ilikuwa kuketi kando ya njia na kunyoosha mkono. Wazazi wa Louis hawakukubali mwana wao afikie pale. Walimpa kazi za nyumbani kama watoto wengine. Padri wa kijiji, Jacques Palluy, alianza kumfundisha, kisha mwalimu Antoine Bécheret akampokea katika shule ya kijiji pamoja na watoto wenye macho. Wanasimulia tena kama baba yake alipigilia misumari katika ubao kwa mfano wa herufi, ili mtoto azijue kwa vidole. Louis alishika masomo kwa kichwa, na alishika vizuri. Lakini mwalimu aliposema fungueni vitabu, yeye aliketi tu akisikiliza wengine. Hapo ndipo shida yake ilipokuwa: akili ilikuwako, masikio yalikuwako, mlango wa kitabu ulifungwa.

Kulikuwa shule moja ya vipofu katika Paris, ya kwanza duniani, iliyoanzishwa na Valentin Haüy katika miaka ya 1780. Jina lake wakati ule lilikuwa Institut Royal des Jeunes Aveugles. Bwana mkubwa wa Coupvray, d'Orvilliers, alisaidia kumwombea mtoto nafasi, na tarehe 15 Februari 1819 Louis aliingia pale. Alikuwa na miaka 10.

Wale kati yetu waliokuja interna wangali wadogo wanajua siku ya kwanza namna ilivyo. Ile ya Paris ilikuwa nyumba ya zamani sana, njia ya Saint-Victor, yenye giza na unyevu. Giza halikuwasumbua wenyeji wake, lakini unyevu uliharibu vifua vya watoto. Mkubwa wa shule, Guillié, alikuwa mkali, na adhabu ya mkate mkavu na maji ilijulikana sana pale. Aliondolewa mwaka 1821, akaja mtu mwenye moyo mwema zaidi, Pignier, ambaye alimpenda Louis na kumsaidia miaka mingi.

Vitabu vilikuwako, tusiseme havikuwako. Haüy alikuwa ametafuta namna ya kukaza karatasi nzito, yenye maji, juu ya herufi kubwa za chuma, mpaka herufi zinainuka juu ya karatasi. Mtoto alipitisha kidole, akatambua A, kisha akaenda kwa B. Herufi zilikuwa kubwa sana, kwa hiyo kitabu kimoja kilikuwa mzigo wa kubeba kwa mikono miwili, na katika shule nzima vilikuwa vichache. Mtoto alipofika mwisho wa sentensi ndefu, mwanzo wake amekwisha kuusahau. Tena kulikuwa shida iliyopita ile: herufi zile mwanafunzi hakuweza kuziandika mwenyewe kwa mkono, ilihitaji mashini na mafundi. Aliweza kusoma kidogo, lakini hakuweza kujiandikia somo, wala hesabu, wala barua ya kwenda kwao. Fikirini interna ambayo hakuna hata kaye moja!

Louis alijifunza vilevile. Alipata zawadi katika masomo mbalimbali. Alijifunza kupiga violoncelle na orgue, ile kinanda kikubwa cha kanisa. Angaliweza kutosheka na muziki, kwa maana muziki uliwapa vipofu wengi mkate wao. Hakutosheka.

Mwaka 1821 alifika shuleni mtu aliyeitwa Charles Barbier, zamani ofisa wa jeshi la mizinga. Alikuwa ametengeneza maandiko ya vitone, maana yake alama ndogo zinazoinuka juu ya karatasi, ambazo mtu anaweza kuzitoboa mwenyewe kwa chuma kidogo chenye ncha akisaidiwa na ubao. Wanafunzi walizijaribu, wakafurahi sana. Kidole kinatambua kitone upesi kuliko mstari. Na kwa mara ya kwanza mtoto kipofu aliweza kuandika kitu na kukisoma yeye mwenyewe.

Lakini kazi ya Barbier ilikuwa na makosa. Vitone viliweza kufika 12 kwa alama moja, safu mbili za sita sita, na kidole hakiwezi kufunika vyote mara moja. Kinapaswa kupanda na kushuka. Kisha hazikuwa herufi, zilikuwa sauti tu. Mtu aliandika neno kama anavyolisikia, bila kujua namna linavyoandikwa sawasawa. Koma na pwe hazikuwako, hesabu hazikuwako, muziki haukuwako. Louis aliona makosa haya, na alikuwa na miaka 12 tu! Barbier hakuona lazima ya kubadilisha msingi wa kazi yake. Kwake yeye sauti zilitosha kwa vipofu.

Njia iliyofunguka leo, kesho imezibwa. Mtu wa roho ndogo angaliacha. Mtu wa kichwa kigumu angaliendelea na vitone vya Barbier mpaka achoke, juu hakuna kingine. Louis alitwaa kilichokuwa kizuri, ndio kitone na chuma cha kutobolea, akaacha kingine chote na kuanza tena toka mwanzo. Alitumika nyuma ya masomo, usiku katika nyumba ya kulala, na katika likizo kule kwao Coupvray. Alitoboa karatasi, akagusa, akatupa, akatoboa tena. Kazi ile ilichukua karibu miaka mitatu. Mwaka 1824 alikuwa amepata.

Napenda kila mmoja aijaribu kwa mkono wake, maana kuisikia tu haitoshi. Twaa punje sita za maharagi, uzipange safu mbili zinazosimama, tatu kushoto, tatu kuume. Zile za kushoto, toka juu, uziite 1, 2, 3. Zile za kuume 4, 5, 6. Ondoa zote, uache ya 1 peke yake: ndio A. Acha ya 1 na ya 2: ndio B. Acha ya 1 na ya 4: ndio C. Herufi kumi za kwanza, toka A mpaka J, zinatumia punje nne za juu tu. Kumi zinazofuata ni zile zile za kwanza, umeongeza punje ya 3: A inageuka K, B inageuka L, na vile vile mpaka mwisho wa kumi. Zinazobaki unaongeza ya 3 na ya 6 pamoja: A inageuka U, B inageuka V. Mtoto anajifunza kumi, na zingine zinakuja zenyewe.

Vitone sita vinaweza kupangwa kwa namna 63. Zile zinatosha kwa herufi, kwa alama za kusimamia, kwa hesabu, kwa muziki. Kwa hesabu anatumia tena herufi kumi za kwanza, anatia mbele yake alama inayosema sasa ni hesabu. Na kwa nini sita, si nane wala tisa? Ni sababu sita zinaenea chini ya ncha ya kidole kimoja, bila kukipandisha wala kukishusha. Louis hakuipata hesabu ile katika kitabu, aliipima kwa kidole chake.

Neno moja juu ya W. Herufi ile haikuwamo katika kazi yake, maana Kifaransa cha wakati ule hakikuihitaji. Waliiongeza nyuma, na mpaka leo iko nje ya mpango wa zile zingine. Leo watu wanaandika vitone vile katika lugha mingi, Kiswahili nacho, na sisi bila W tungepata taabu: hakuna mwalimu, hakuna watoto, hakuna wewe.

Anayeandika kwa mkono anaweka karatasi katika ubao, anatoboa toka kuume kwenda kushoto, kisha anageuza karatasi, na vitone vinasomeka toka kushoto kwenda kuume. Kwa hiyo anajifunza kuandika kinyume. Chombo cha kuandikia ni chuma kidogo chenye ncha, karibu ndugu ya kile kilichomwondolea Louis macho. Wengine wanapenda kutengeneza mahubiri juu ya jambo hili. Mimi nalitaja tu.

Mwaka 1828 alianza kusaidia kufundisha katika shule ile ile, na mwaka 1833 akawekwa mwalimu kamili. Katikati, mwaka 1829, alitoa kitabu cha kueleza maandiko yake. Jambo la kuchekesha kidogo: kitabu kile kilipigwa kwa herufi kubwa za Haüy, zile alizotaka kuziondoa, maana mashini ingine haikuwako. Hakungoja mpaka apate mashini yake. Mwanzoni mwa kitabu alitaja jina la Barbier na kuonyesha kama wazo la kwanza lilitoka kwake. Angaliweza kunyamaza, na watu wangalimpa yeye heshima yote.

Katika kitabu kile kulikuwa vitone pamoja na mistari mifupi. Wanafunzi walipotumia maandiko yale kila siku, ilionekana kama mistari haifai: kidole hakiitambui vizuri, na ni vigumu kuiandika kwa chuma. Katika kitabu cha pili, mwaka 1837, Louis aliiondoa. Angalieni jambo hili, maana ni dogo lakini linaonyesha mtu alivyo. Kubadilisha kazi ya Barbier ilikuwa rahisi. Kubadilisha kazi yako mwenyewe, iliyokwisha kupigwa katika kitabu chenye jina lako, ni neno lingine. Mwaka ule ule shule ilitengeneza kitabu cha habari za Ufaransa ya zamani, sehemu tatu, chote kwa vitone.

Kama mwalimu alifundisha grama, jografia, hesabu na muziki. Mwaka 1834 alipata tena kazi ya kupiga orgue katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs. Mshahara haukuwa mkubwa, na sehemu yake ilikuwa inatoka kwa wanafunzi waliokosa. Wanasimulia kama alipokufa waliona sanduku dogo lenye karatasi za madeni ya watu, na yeye alikuwa ameagiza lichomwe bila kufunguliwa.

Wakati alikuwa na miaka karibu 26 kifua kikuu kilionekana katika mwili wake. Sisemi ni nyumba ile tu, lakini wengi waliugua vifua pale. Mwaka 1838 mwandishi Lamartine, aliyekuwa mjumbe katika baraza la Ufaransa, alisimama kusema juu ya ubaya wa nyumba ile, na baraza likakubali kutoa feza za kujenga ingine. Louis alipaswa kupumzika mara kwa mara, akaenda Coupvray, akarudi, akaanguka tena. Ugonjwa ule haukuwa na dawa. Alitumika kwa kadiri ya nguvu zilizobaki siku ile.

Sasa nafika penye taabu niliyosema. Maandiko ya vitone wanafunzi waliyapenda, Pignier aliyaachia, lakini serikali haikuyakubali. Vitabu vya shule vilibaki vya herufi za Haüy. Tusiwaone wakubwa wale kama wajinga. Walikuwa na sababu, na sababu yao ilikuwa na uzito. Walisema kipofu akipewa maandiko yake peke yake, ambayo baba yake na mama yake hawawezi kuyasoma, atatengwa na watu wengine. Afazali asome herufi za watu wote, hata kama anasoma pole pole.

Louis alisikia sababu ile na aliijibu kwa kazi. Mwaka 1839 alitoa maandiko mengine. Hapa vitone vinapangwa mpaka vinafanya umbo la herufi za kawaida, ili kipofu amwandikie barua mtu mwenye macho, na huyu aisome bila kujifunza kitu. Kila herufi ilikuwa na hesabu za kuonyesha mahali pa kutoboa, na kwa kimo ilitumia vitone mpaka kumi; njo sababu iliitwa décapoint. Kuitoboa kwa mkono ilichosha sana. Rafiki yake Pierre Foucault, kipofu naye, aliyesoma katika shule ile, akatengeneza mashini ya kuipiga. Ilikuwa moja ya mashini za kwanza za kuandikia, mbele ya zile tunazozijua katika biro. Mimi naipenda sehemu hii kuliko ile ya mwaka 1824. Watu wengi, adui akisema neno, wanatafuta namna ya kumshinda. Louis alitafuta kama katika neno la adui kuna shida ya kweli, akaona iko, akaitengeneza.

Haikutosha. Mwaka 1840 Pignier aliondolewa, na msaidizi wake Dufau akawa mkubwa wa shule, sisi tungesema Bwana Prefe. Dufau alitaka herufi zenye umbo la kawaida, za namna mpya iliyotumiwa wakati ule katika Scotland. Maandiko ya Louis yalikatazwa. Wanaoandika maisha yake wanasimulia kama vitabu vya zamani vilichomwa moto na vyuma vya kuandikia vikanyang'anywa. Louis alikuwa na miaka 31, mgonjwa, mwalimu chini ya mkubwa yule. Kazi yake yote ilikuwa imekatazwa katika nyumba alimozaliwa kwayo.

Na wanafunzi? Walifanya nini? Waliendelea. Chuma kikinyang'anywa, chuma kingine chenye ncha hakikosekani. Waliandika kwa siri, wakubwa wakawafundisha wadogo, wakapashana maandiko usiku katika nyumba ya kulala. Hawakuhitaji taa, kwa hiyo kuwakamata haikuwa rahisi.

Mimi ndiye ninayepita kuzima taa na kuandika majina ya wanaovunja sheria, na kila mtu hapa anajua siipendi kazi ya kuficha ficha. Basi nilipofika penye sehemu hii nilifikiri siku mingi kama niiandike ao niipite. Kuipita ni kudanganya. Sheria ya shule mimi naona inapaswa kushikwa hata kama inauma, maana interna bila sheria ni soko. Lakini naona tofauti moja: wanafunzi wale hawakujificha ili wakimbie masomo, walijificha ili wasome. Na mwalimu wao hakuacha kazi wala hakufanya fitina ili Dufau aondolewe. Aliendelea kufundisha muziki na masomo yake siku alizoweza kusimama. Kama kungalikuwa na namna ingine ya kupita pale, mimi sijaiona. Wenye kuiona waandike katika namba inayokuja.

Aliyefungua mlango alikuwa msaidizi wa Dufau, jina lake Joseph Guadet. Alikuwa na macho mazima, na alipoangalia wanafunzi aliona jambo ambalo hakuna sheria iliyoweza kulifuta: kwa vitone walisoma upesi na kuandika, kwa herufi zingine walichelewa. Alizungumza na mkubwa wake pole pole. Dufau naye, tumpe haki yake, alikubali kubadilisha mawazo. Shule ilihamia nyumba mpya, boulevard des Invalides, mwaka 1843. Siku ya kuifungua kwa heshima, tarehe 22 Februari 1844, Guadet alisimama mbele ya wageni akaeleza maandiko ya vitone na kumsifu Louis Braille, na wanafunzi wakaonyesha namna wanavyoandika na kusoma. Mkubwa aliyeyakataza alikuwa pale na aliyaruhusu. Miaka ine tu ilikuwa imepita.

Louis aliishi kuiona siku ile, lakini nguvu zilikuwa zinakwisha. Aliacha kufundisha masomo mengi, akabaki na muziki kidogo. Mwezi wa Desemba 1851 alitoka damu nyingi kifuani, na tarehe 6 Januari 1852 alikufa katika nyumba ya wagonjwa ya shule. Alikuwa na miaka 43 na siku mbili. Magazeti ya Paris hayakuandika neno. Walimchukua wakamzika Coupvray, karibu na jamaa yake.

Serikali ya Ufaransa iliyakubali maandiko yake mwaka 1854, miaka miwili nyuma ya kifo chake. Mwaka 1878 wajumbe wa inchi mbalimbali walikutana Paris wakachagua maandiko ya Braille kuliko mengine yote kwa kufundishia vipofu. Wenye kusema Kiingereza walichelewa kwa sababu ya mabishano yao, Marekani na Uingereza wakapatana mwaka 1932 tu. Toka mwaka 2019 Umoja wa Mataifa unaikumbuka tarehe 4 Januari, siku aliyozaliwa, kama siku ya Braille ya dunia nzima.

Mwaka 1952, miaka 100 kamili nyuma ya kifo chake, Ufaransa iliamua kuhamisha mifupa yake mpaka Panthéon, nyumba ya Paris wanamozikwa wakubwa wa inchi. Watu wa Coupvray hawakutaka kumtoa mtoto wao wote. Walipatana namna hii: mwili ulikwenda Paris, na mikono yake ikabaki kijijini, ndani ya chombo kidogo juu ya kaburi lake la kwanza. Nyumba ya baba yake nayo iko mpaka leo na watu wanakwenda kuitembelea. Wanaonyeshwa chumba cha kazi, meza ya fundi, na vyombo vya kukatia ngozi.